Dakika Moja ya Kimya kwa Ajili ya Dada

Nyumbani, orofa ya juu ya karakana,
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo, mkubwa wangu. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kwamba wazee unaowanyanyua huko ni wazito kuliko maradhi yao, nikacheka, kisha nikajilaumu kwa kucheka. Naomba barua hii ikukute umeketi, umevua viatu, na una nusu saa ambayo si ya mtu mwingine.

Sisi huku tuko wazima kwa kiasi chetu. Baba amepona jicho, ila masikio yake bado ni yaleyale, yanasikia chakula kikipakuliwa na hayasikii akiitwa kumeza dawa. Shemeji yako alijipiga kidole kwa nyundo wiki iliyopita, na mpaka leo anailaumu nyundo. Mimi kifua kimeniachia. Ukiondoa hilo ninalokuandikia, hatuna la kumlalamikia Mungu.

Utashangaa kuona karatasi tena baada ya miaka, sisi tunaoongea kila Jumapili. Ni kwa sababu simu yangu Kabibi wako anaitumia kuliko mimi mwenyewe. Namba ya siri aliiweka yeye, na ujumbe wako huusoma kabla yangu, kisha ndipo ananiambia, "Mama Mdogo, Mama amekusalimu." Jambo la leo linamhusu yeye, na sitaki alikute humo. Tena sauti yangu naijua. Ningeanza kulia kabla ya kufika katikati, nawe ungelia, mtandao ungekatika, na tusingekuwa tumesema kitu.

Dada, nimefanya kosa, na mwanao amefanya lake, na nadhani wewe pia una lako. Nianze na langu.

Unajua mwaka huu nafundisha uraia kidato cha tatu, na Kabibi yumo darasani mwangu. Ni wanafunzi hamsini na mmoja, na wote wana mdomo mmoja. Nikiuliza, "Mmeelewa?" wanajibu, "Ndiyo, mwalimu." Nikiuliza, "Hamjaelewa?" wanajibu, "Ndiyo, mwalimu." Kabibi anaketi safu ya tatu karibu na ukuta na hajawahi kunyoosha mkono. Sikumsumbua kwa hilo. Nani anapenda kufundishwa na mtu aliyemwona asubuhi akitafuta kandambili chini ya kitanda?

Mwanzoni mwa muhula nikapelekwa kwenye semina, nikajifunza chemsha bongo za mtandaoni. Swali linatokea kwenye skrini, mwanafunzi anabonyeza jibu, na papo hapo mnaona wangapi wamechagua nini. Chini yake kuna kundi la mjadala, watu wanaandikiana. Fundi wa kompyuta wa shule alinisaidia kuliandaa. Ni mzee mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na huitafuta ile ya kichwani kila saa. Kompyuta zetu ni ishirini na sita, basi nikaligawa darasa mikupuo miwili, kila mmoja na mashine yake.

Ili waongee kwa uhuru nikawaambia kila mtu ajichagulie jina la kubuni. Nikaenda ubaoni nikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA ATAKAYEJUA NANI NI NANI, HATA MIMI. Nikatia sahihi chini yake kama rais anayetia sahihi sheria. Wakapiga makofi.

Laiti ungeona siku ya kwanza! Swali lilikuwa, nani mkuu wa familia? Darasani swali hilo hujibiwa kwa pamoja, "Baba!", mpaka madirisha yanatikisika. Kwenye mashine, kumi na tisa walisema baba, kumi na saba mama, wanane bibi, na saba wakachagua jibu nililoliweka kujaza nafasi tu, "yule anayebaki nyumbani". Halafu wakaanza kuandikiana. Kulikuwa na mmoja aliyejiita Kiazi Kitamu akimbana mwenzake kwa hoja kama wakili. Waziri wa Usingizi, ambaye ningeapa hajafungua kitabu tangu azaliwe, alinukuu katiba, na akainukuu sawasawa. Akili ni nywele, dada, kila mtu ana zake. Hawa walikuwa wamezifunika tu kwa kofia ya "ndiyo, mwalimu".

Nilivimba kichwa, sitakuficha. Walimu wenzangu walikuja kuchungulia mlangoni. Mwalimu mkuu akasema nitawafundisha wengine likizo ikifika. Nyumbani nilimwuliza Kabibi, "Mnaionaje ile programu?" akasema, "Nzuri." Nami nikaridhika na hilo neno moja, kama ninavyoridhika naye siku zote.

Wiki ya tatu nikaweka swali la mjadala: mzazi anayeishi mbali na mtoto wake bado ni mlezi? Naapa sikukufikiria. Au nilikufikiria kwa pembeni tu, nikiwa na hakika kwamba jibu ni ndiyo na kwamba Kabibi atafarijika kuwasikia wenzake wakilisema. Majibu yalikuja mazuri na ya kawaida, ya mzazi anayepiga simu na mzazi anayetuma vitabu. Kisha akaandika mmoja anayejiita Kisigino. Niliyanakili maneno yake siku ileile kwa sababu nilidhani ni hazina. Soma:

"Mama yangu amefariki. Alikuwa anafanya kazi mbali. Alipokuwa hai kila mtu aliniuliza anarudi lini, nikawa nasema mwakani. Mwakani ikifika wananiuliza tena. Tangu afariki hakuna anayeuliza. Marehemu haulizwi anarudi lini. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mzazi aliye mbali ni mlezi, lakini mzazi aliyekufa anakuacha upumzike."

Vidole vikaanza kugonga. Pole zilimiminika. Kiazi Kitamu aliandika, "Mungu amlaze mama mahali pema." Mimi pia niliandika, dada. Niliandika, "Pole sana mwanangu, mama anakuona." Kiranja wa darasa, msichana ambaye hajawahi kuongea mbele yangu bila kushika meza, akasimama na kusema kwa mdomo wake mwenyewe, "Mwalimu, naomba tumsimamie huyo mama dakika moja ya kimya." Nilifurahi mpaka nikasisimka, maana ndicho nilichokuwa nakitafuta, wanafunzi wanaoguswa na jambo na kulisema. Nikasema, "Simameni." Nikaitazama saa yangu.

Tulisimama kimya dakika moja nzima, dada, na aliyekuwa akisimamiwa ni wewe.

Kabibi alikuwa kwenye mashine ya pembeni. Alisimama mikono nyuma, kichwa juu, macho kwenye skrini. Wote waliinamisha vichwa isipokuwa yeye. Nikamwona, nikasema moyoni, mtoto huyu anatutia aibu. Jioni, tukiwa mezani, nikamkaripia mbele ya Baba na shemeji yako. "Mwenzako amefiwa na mama yake, wewe hata kichwa huwezi kuinamisha?" Akasema, "Samahani, Mama Mdogo." Akaendelea kula. Kila nikilikumbuka hilo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Baadaye nikaingiwa na huruma ya kimbelembele. Nikajiambia kwamba yatima huyu asiachwe hivihivi, na mshauri wa wanafunzi akasema yuko tayari kukaa naye, ila anahitaji jina. Siku mbili nilijizuia. Siku ya tatu nikaenda kwa fundi.

"Mwalimu, uliapa ubaoni," akaniambia.

"Niliapa, mzee wangu. Lakini huyu ni yatima."

"Yatima naye ana siri zake."

Nilisimama pale bila kuondoka. Mwishowe akabonyeza anapojua, akanigeuzia skrini, akatoka nje kama mtu asiyetaka kuwa shahidi. Nikasoma jina la marehemu bibi yetu, lile ulilompa mwanao alipozaliwa. Nilidhani mashine imekosea. Nikamwita fundi, nikamwambia aangalie upya. Akaangalia upya, na jina halikubadilika.

Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi ni mwalimu, nimesoma, siogopi maneno ya barazani, lakini siku ile niliogopa. Ndiyo ile Jumatano niliyokupigia ukiwa kazini, nikakuuliza tu, "U mzima?" ukacheka, ukasema nimeota ndoto mbaya. Sikuwa nimeota.

Nilimkuta Kabibi akipiga pasi sare. Nikamwuliza kama yeye ndiye Kisigino. Akaisimamisha pasi kwanza, maana ni mtoto mwangalifu, kisha akanitazama.

"Ulisema hata wewe hutajua."

"Kabibi, mama yako yu hai!"

"Najua. Naongea naye kila Jumapili."

Nilitegemea alie ili nimkumbatie, na mambo yaishe kama yanavyoisha ya watoto. Hakulia. Alinieleza taratibu, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. Alipoingia kidato cha kwanza, wenzake wawili wa dawati moja walimwuliza mama yake yuko wapi, akasema mbali. Wakauliza anarudi lini, akasema mwakani. Mwaka ulipopita wakamwuliza tena, kwa nia njema tu, na yeye akasikia neno limekwama. Akasema amefariki. "Niliona limetoka rahisi," akaniambia. "Nikaona wameniacha." Kisha akashika pasi tena na kusema, "Usimwambie Mama."

Safari hii sikuahidi kitu. Nimejifunza.

Sasa nimeelewa pia kwa nini wasichana wale wawili wamenibebea madaftari tangu mwaka uanze. Nilidhani ni adabu, nikawa nawasifu mbele ya wazazi wao. Kumbe walikuwa wananionea huruma, wakijua nimefiwa na dada, na wamelelewa vizuri hata hawakutaka kunikumbusha msiba.

Kesho yake tukaingia chumba cha kompyuta kama kawaida. Kabla sijaweka swali, Kisigino akaandika kwenye kundi, "Mwalimu anajua majina yetu." Halafu likatokea lile tangazo dogo la kijivu kwamba Kisigino ametoka kwenye kundi. Akafuata Kiazi Kitamu. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, bila kelele, na mimi nimesimama katikati ya chumba nikiwatazama migongo. Alibaki Waziri wa Usingizi peke yake. Akaandika, "Samahani, mwalimu," naye akatoka.

Nikawaomba radhi kwa mdomo. Nikasema nilivunja ahadi, na sababu niliyokuwa nayo haitoshi. Nikauliza, "Mmenisamehe?" Wakajibu wote kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Bado naweka chemsha bongo, na wanabonyeza majibu ya kitabuni, hamsini na mmoja sawasawa. Mwalimu mkuu anaona alama zimepanda na anafurahi. Ile sauti ya kiranja sijaisikia tena. Na kwa marafiki wa Kabibi wewe ungali marehemu, na mimi mwalimu wao nimelithibitisha kwa saa ya mkononi. Sijui nitalitengua vipi bila kumvua mtoto nguo mbele ya darasa.

Nyumbani ananisalimia, anaosha vyombo, anamwekea Baba matone ya jicho, ila haniambii kitu. Hata zile hadithi zake za njiani, za mbwa wa jirani na mwalimu wa hesabu tunayemwita Desimali, zimekwisha. Shemeji yako nilipomweleza alishuka karakanani akapiga randa ubao mmoja mpaka ukawa haufai kwa kitu chochote. Baba hajui, na nakuomba asijue.

Sikuandikii kukulaumu. Hilo neno "mwakani" hukulisema peke yako. Nilikuwa nakusemea mimi, Baba akalisema, hata shemeji yako, asiyejua kudanganya, alilisema akitazama pembeni. Tulimpa mtoto neno moja miaka saba, tukidhani tunampa tumaini, naye akawa analipeleka shuleni mpaka likamkwama. Najua habari za karatasi zako zilizokwama, na likizo mbili zilizofutwa, na yule bibi kizee asiyelala bila wewe. Najua unalia huko. Lakini Kabibi hajui. Yeye husikia "mwakani, Mungu akipenda", na kicheko, na "haya nipe mama yako mdogo".

Ninachoomba ni hiki. Mpe tarehe. Kama tarehe hakuna, mwambie hakuna, kwa maneno hayo, usiyapambe. Kama umeamua kubaki huko, mwambie umebaki. Ana miaka kumi na sita. Ameweza kumzika mama yake peke yake bila msaada wa mtu, basi ataweza kuambiwa ukweli.

Ndani ya bahasha utakuta fomu. Ni ya kumwandikisha kwa mtihani wa mwakani, na lazima irudi shuleni kabla muhula haujaisha. Nilimpa aijaze mwenyewe. Amejaza jina, tarehe ya kuzaliwa na masomo, kwa mwandiko wake ule ulionyooka. Fika pale palipoandikwa: Mama: yu hai / amefariki, kata lisilohusika. Hakukata neno lolote. Nilimwuliza kama amesahau, akasema hakusahau. Chini pana mstari wa sahihi ya mzazi au mlezi. Miaka yote nimekuwa nikitia sahihi mimi, hata bila kusoma. Hii nimeiacha wazi. Kata neno wewe, kwa kalamu yako, utie sahihi, urudishe kwa jina la Kabibi na si kwa jina langu. Na kama ndani ya bahasha utatia karatasi nyingine yenye maneno yako kwake, sitaifungua. Najua ahadi yangu siku hizi haina uzito, lakini hiyo nakupa.

Baba anakusalimu na anasema ile redio ndogo bado inasema vizuri. Shemeji yako anakusalimu, na kidole chake pia. Kaka yetu dereva alipita juzi akala akalala akaondoka, salamu zake ni hizo. Mwalimu wa hesabu anakuulizia kila mara. Kwake yeye, ashukuriwe Mungu, u hai.

Hapa ndipo enzi za barua niliandika siku zote kwamba mwanao anakusalimu sana. Nimeliandika kila barua na kulisema kila simu, na mara nyingi, dada, sikuwa nimemwuliza. Leo nimemwuliza. Nimemwambia, "Namwandikia Mama, nimwambieje kutoka kwako?" Akasema, "Usimwambie kitu, Mama Mdogo. Akiniuliza mwenyewe nitamjibu."

Mungu akulinde huko uliko, akupe nguvu ya mgongo na ya moyo, na akupe maneno.

Ni mimi mdogo wako, mama mdogo wa mwanao, nikupendaye ukiwa hai.